Waya wa Kamera ya Tatu

Fundi bado yuko darini, msomaji. Amelala kifudifudi juu ya mbao, tochi ameiuma kwa meno, na waya alioushika umemvuta.

Usidhani ulinasa. Waya ulionasa hukaza, ukatulia. Huu ulivutwa mara mbili, kwa mkono, kama mtu anayejaribu kamba aone kama imefungwa vizuri.

Aliuachia kama aliyeshika kaa la moto. Akazima tochi. Akabana pumzi.

Ng'ambo ya ukuta, ubao ulilia chini ya goti la mtu. Kisha kimya.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, sikia kwa ufupi. Chini ya dari hiyo anaishi mjane mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima mpaka leo humwita Mwalimu. Kwa miezi mitatu ameokota vikaratasi kwenye sakafu ya korido, vikimweleza alichofanya jana ndani ya nyumba yake mwenyewe, madirisha yakiwa yamefungwa na mapazia yameteremshwa. Aliwaambia ndugu. Ndugu wakatazamana, wakasema ni uzee. Wakasema anaviandika mwenyewe kisha anasahau.

Na leo, saa nne asubuhi, mdogo wa marehemu mumewe anakuja na daktari. Huyo shemeji watu humwita Bwana Mkoba, maana hata msibani hauachi mkoba wake. Daktari akisema akili za Mwalimu zimeruka, nyumba na kila kilichomo kitakuwa mikononi mwa Bwana Mkoba, na Mwalimu atahamishwa akalelewe.

Ndiyo sababu Mwalimu alimwita fundi. Kamera nne zilizofungwa na marehemu zilikuwa zimechoka, zikionyesha watu kama moshi. Fundi alikagua, akasema, "Ukuta hatuvunji. Nyaya za mzee ni shaba tupu, bado nzima. Tunabadilisha kamera na mashine ya kurekodi, nyaya ni hizi hizi."

Kamera nyingine zote zilikubali. Ile ya tatu, ya sebuleni, iligoma. Kila aliyepita mbele yake alionekana na kivuli chake pembeni, kama ana pacha. Fundi akapanda kuufuata waya, na huko juu akakuta umekatwa na kuungwa kwa kiungo cha njia tatu. Njia moja yatoka kwenye kamera. Ya pili yashuka kwenye mashine. Ya tatu ni waya mpya usio na hata vumbi, unaopenya palipotolewa matofali, kwenye ukuta unaotenga nyumba hii na nyumba pacha yake.

Na hiyo nyumba pacha, mlangoni ina kufuli kubwa tangu mpangaji wa mwisho ahame.

Fundi alirudi kinyumenyume mpaka kwenye tundu la dari, akashuka ngazi koridoni.

Mwalimu alikuwa amesimama chini, miwani imeshuka puani.

"Umepauka. Kuna panya?"

"Mwalimu, njoo jikoni. Polepole. Usitazame juu."

Jikoni hakukuwa na kamera. Fundi akafungulia bomba maji yapige kelele kwenye sinki, akamwegemea sikioni.

"Huna wazimu."

"Hilo nalijua. Endelea."

"Kuna mtu nyumba ya pili. Ameuiba waya wa sebuleni. Kila unalofanya pale analiona kwenye kioo chake cha runinga."

Mwalimu hakupiga kelele. Alivuta kigoda, akakaa, akaishika meza kwa mikono miwili. Midomo ilimcheza, na fundi akadhani atalia. Miaka ishirini iliyopita mwanamke huyu alimfundisha hesabu darasa la tano, na hakuwahi kumwona akiinamisha kichwa.

"Miezi mitatu," alisema mwisho. "Miezi mitatu, mwanangu, wananiambia naota. Hata binti yangu niliyemzaa ananipigia hesabu ya vidonge kama mtoto." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Haya. Bado anaona sasa hivi?"

Fundi alifikiri, kisha uso ukamfunguka.

"Haoni! Tangu saa mbili haoni. Kamera mpya inatuma picha nzito, kioo cha zamani hakiwezi kuisoma. Anaona michirizi tu. Ndiyo maana alivuta waya, alidhani umechomoka."

"Kwa hiyo tumempofusha."

"Bila kujua."

"Twende nikavunje kufuli lake kwa shoka," alisema Mwalimu, tayari amesimama.

"Akikimbia je? Saa nne watu wako wapo mlangoni. Utawaonyesha nini? Waya? Watasema fundi aliufunga yeye leo asubuhi."

Mwalimu akakaa tena. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika nane.

"Nimesimamia mitihani miaka thelathini na minne," alisema taratibu. "Mwizi wa majibu humkamati kwa kumpigia kelele. Unampa jibu la uongo, unangoja uone nani kaliandika. Huyo kipofu wetu, waweza kumrudishia macho?"

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kwenye mkia wa kamera kuna kitufe. Nikikibonyeza na kukishikilia, kamera inarudi kutuma picha ya kizamani. Ataona kama zamani. Na mashine yetu itaendelea kurekodi."

"Sauti?"

"Hasikii kitu. Picha peke yake."

"Basi mpe macho."

Dakika tano baadaye Mwalimu aliingia sebuleni peke yake, akitazama nyuma kama mwizi. Mkononi ana bahasha ya kaki, ile wanayohifadhia hati za nyumba. Alizunguka meza. Akainua mto wa kiti, akaurudisha. Mwisho akaenda kwenye cherehani yake pembeni, akavuta droo ya chini, ile ya vifungo na nyuzi, akaidumbukiza bahasha ndani na kuifunika kwa vitambaa. Akatoka akijipangusa mikono.

"Nimeigiza vizuri?"

"Mwalimu, hata mimi nimekuogopa."

"Sasa, atakayeigusa droo ile..."

Hakumaliza. Koridoni kulianguka kitu chepesi. Tap.

Walichungulia kwa pamoja. Chini ya ngazi, palipokuwa patupu sasa hivi, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake, tundu la dari lilikuwa wazi, jeusi.

Kumbe vikaratasi havikupita chini ya mlango hata siku moja. Vilidondoka kutoka juu.

Fundi aliikimbilia ngazi. Alipofikisha kichwa darini na kuwasha tochi, aliona tu ubao ukirudi mahali pake upande wa pili, ukiziba tundu la ukuta. Vumbi lilikuwa bado linaelea.

Chini, Mwalimu alikuwa ameshaifungua karatasi. Herufi kubwa, zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, zile zile za siku zote.

UMEFICHA MAHALI PABAYA. NIMELAZIMISHWA KUMWAMBIA. HAMISHA UPESI.

Walitazamana.

"Hamisha?" fundi alinong'ona. "Huyu si adui?"

Mwalimu aliingia chumbani mbio kuliko umri wake, akarudi na faili. Alikuwa ameviweka vikaratasi vyote, kila kimoja kina tarehe na namba kwa wino mwekundu. Akaanza kuvisoma upya.

"'Jana ulilia saa tisa. Usilie.' Nilidhani ananikejeli." Akafunua. "'Umeacha pasi sebuleni inawaka.' Nikasema ananitisha. Lakini kweli niliacha, na nilikwenda nikazima." Akafunua tena, akakwama. "Na hiki cha wiki mbili zilizopita. 'Ulisaini karatasi moja. Usisaini ya pili.'"

"Karatasi gani?"

"Shemeji alisema ni ya maji. Nikaweka sahihi."

"Uliisoma?"

Mwalimu mkuu mstaafu, aliyewachapa kwa maneno watoto wa watu wasiosoma swali kabla ya kujibu, aliona haya. "Hapana."

Honi ikalia getini.

Saa tatu na nusu. Wamewahi kwa nusu saa nzima.

"Hamisha bahasha," alisema fundi.

"Haihamishwi. Chukua ile ngazi yako ndogo, panda kwenye kamera ya sebuleni, jifanye unakaza skrubu. Na hiyo mashine, usiizime hata nyumba ikiwaka moto."

Wa kwanza kuingia alikuwa binti, aliyetoka alfajiri kwenda kuwalaki wageni. Alikuwa akiishi hapo kwa mama yake tangu mumewe apate kazi ya mkataba mbali, miezi mitatu iliyopita. Mume mwenyewe hupiga simu mara moja kwa wiki, maneno mawili matatu, laini inakatika. Macho ya binti yalikuwa mekundu. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu isiyo ya salamu.

"Mama, usikasirike leo. Jibu tu unachoulizwa, yaishe."

Nyuma yake Bwana Mkoba, na mkoba. Nyuma ya Bwana Mkoba, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe na sauti laini kama pamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, daktari. Karibuni, kaeni. Fundi yuko juu hapo anamalizia, msimjali."

"Shemeji, kamera tena!" Bwana Mkoba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Unaona, daktari? Hiyo ndiyo hali."

Daktari alitoa karatasi mfukoni, akasoma swali la kwanza. Leo ni siku gani? Mwalimu akajibu, akaongeza na tarehe. Mtoto wake ana miaka mingapi? Akajibu, binti akaona haya. Anza mia moja, uwe unatoa saba.

"Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili..." Aliteremka nazo bila kuvuta pumzi mpaka mbili. "Zimebaki mbili. Sasa zamu yako, daktari. Anza mia tatu, toa kumi na saba."

Daktari alikohoa. "Si lazima."

Juu ya ngazi, fundi aliuma mdomo asicheke.

"Akili ya hesabu hubaki," alisema Bwana Mkoba haraka. "Tatizo ni kumbukumbu. Muulize vile vikaratasi anavyojiandikia. Muulize hati ya nyumba iko wapi. Kaka aliacha hati, leo hii shemeji haonekani kujua imelala wapi. Ikipotea tutaenda wapi sisi?"

"Hati yangu ipo," alisema Mwalimu.

"Wapi?"

Mwalimu alitazama huku na huku. Alijishika paji la uso. Loo, mwanamke yule angecheza jukwaani! "Niliiweka... asubuhi hii hii niliiweka..."

"Mama," binti alisema, machozi yakimtoka.

"Tazama, daktari. Tazama mwenyewe." Bwana Mkoba alisimama. "Mimi nitawasaidia."

Alivuka sebule. Hakufungua kabati. Hakuinua mito. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akainama, akavuta droo ya chini, akasukuma vitambaa na kutoa bahasha ya kaki.

"Hii hapa! Angekufa nayo humu, nani angejua?"

Bisibisi ya fundi, juu ya ngazi, ilikuwa imesimama.

Mwalimu aliteremsha mkono kutoka kwenye paji la uso. Sura ya kuchanganyikiwa ilimtoka kama mtu anayevua kanga. Iliyobaki ilikuwa ile iliyonyamazisha mabweni.

"Umejuaje, shemeji?"

"Nimejuaje nini?"

"Bahasha hiyo nimeiweka hapo leo saa tatu na robo. Mlango umefungwa. Tulikuwa wawili nyumba nzima, mimi na fundi. Wewe ulikuwa njiani. Umejuaje?"

"Ni... ni kukisia tu. Wanawake huficha vitu kwenye cherehani."

"Ina droo sita, baba mdogo," alisema binti polepole. Machozi yalikuwa yamekauka. "Umefungua ya chini."

"Na usiseme hukuonekana," fundi alisema kutoka juu. "Yote yamerekodiwa. Yeye akificha, na wewe ukichukua. Picha ya kizamani, lakini sura yako inatambulika."

Jasho lilimtoka Bwana Mkoba kwenye mdomo wa juu. Alichana bahasha. Alivuta karatasi iliyomo, akaikodolea macho.

"Soma kwa sauti," alisema Mwalimu.

Aliikunja haraka, akataka kuitia mkobani.

"Basi nitakusomea. Ni jaribio la hesabu, darasa la tano, muhula wa pili. Maswali ishirini. Wewe tayari umefeli."

Binti alicheka, kicheko kilichotoka na kwikwi ndani yake, akaja akamwangukia mama yake mapajani. "Nisamehe, mama. Nisamehe. Nilikuwa nawaamini wao."

"Nyamaza, mwanangu. Hata mimi kuna siku nilianza kuwaamini."

Daktari alisimama. Alimtazama Bwana Mkoba kwa dharau iliyomfanya fundi apumue. Kumbe bado kuna watu wenye haki duniani!

"Nimedanganywa," alisema kwa sauti yake ya pamba. "Mwalimu, uko timamu kuliko aliyenileta. Naandika hivyo sasa hivi." Akatoa karatasi nyingine, imechapwa tayari, na kalamu. "Weka sahihi hapa chini kuthibitisha nimekupima, na hakuna atakayekusumbua tena."

"Mungu akubariki, baba," alisema binti.

Mwalimu alichukua kalamu. Baada ya miezi mitatu ya kuitwa punguani, mtu wa kwanza kumwita timamu alistahili sahihi yake. Aliishusha ncha yake juu ya karatasi.

"Mwalimu," fundi aliita. "Karatasi ya pili!"

Wakati huo huo, koridoni, ile ngazi ndefu iliyoachwa chini ya tundu la dari ilipiga kelele.

Wote waligeuka.

Miguu ilitokea kwanza, peku, imejaa vumbi na utando wa buibui. Kisha suruali iliyompwaya. Mtu alikuwa anateremka kutoka darini, akishikilia ngazi kama mgonjwa aliyetoka kitandani. Ndevu zilikuwa zimemfunika nusu ya uso. Alipofika chini aligeuka, mwanga wa dirisha ukampiga.

Binti alipiga ukelele uliopita kuta zote mbili.

"Mume wangu!"

Alikuwa ndiye. Mume aliye kazini mbali. Mume wa simu za maneno mawili matatu. Miezi mitatu alikuwa hatua kumi kutoka kitanda cha mkewe, upande wa pili wa tofali.

Binti alitaka kumkimbilia, naye akamzuia kwa kiganja. Macho yake hayakuwa kwa mkewe. Hayakuwa hata kwa Bwana Mkoba, ambaye alikuwa amejikunyata kando ya cherehani, mkoba umemwangukia miguuni.

"Mama, weka kalamu chini," alisema, sauti imekwaruza kwa kukosa kutumika. "Baba mdogo ni wa kutumwa tu, kama mimi. Nilikuwa juu ya vichwa vyenu, nimeisikia sauti ya huyo mwenye koti jeupe, nikasema potelea mbali, aniue. Huyo mnayemwita daktari si daktari. Huyo ndiye aliyenifungia."

Mwalimu aliinua macho kumtafuta mwenye koti jeupe.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa mlangoni, amewapa mgongo, anazungusha ufunguo taratibu mpaka kitasa kikalia. Akauchomoa, akautia mfukoni, akageuka. Pamba yote ilikuwa imetoka kwenye ile sauti.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa tumetimia. Mwalimu, endelea kusaini."